Umekabidhiwa usalama wa mionzi chuoni: mwongozo wa kuanzia kazi

Kabla hujashika kifaa chochote cha kupimia, omba vitu viwili: barua ya uteuzi yenye sahihi ya mkuu wa chuo, na rejesta ya vyanzo vyote vya mionzi. Barua itakupa mamlaka. Rejesta itakuonyesha kazi ilivyo, na mara nyingi yale isiyoyataja ndiyo yatakayokushughulisha zaidi.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepewa cheo cha afisa usalama wa mionzi katika chuo kikuu, pengine akitokea kufundisha fizikia au kusimamia maabara, na hajui ashike lipi aache lipi. Chuo ni mahali pagumu kwa kazi hii. Kiwandani unaweza kukuta chanzo kimoja au viwili, vinafanya kazi ileile kila siku na vinashikwa na watu walewale. Chuoni wanafunzi hubadilika kila mwaka, majaribio hubadilika kila mara, na kila idara ina kabati ambalo mwenye ufunguo wake alistaafu zamani. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: kazi yako ni kujua, saa yoyote utakayoulizwa, kila chanzo kiko wapi na kiko mikononi mwa nani. Mengine yote yanasimama juu ya hilo.

Hatua ya 1: Barua yenye meno

Leseni ya kutumia mionzi ni ya chuo na jukumu la kisheria ni la chuo. Wewe unakiangalizia. Barua yako lazima itamke wazi kwamba unaweza kusimamisha kazi yoyote ya mionzi papo hapo ukiona hatari, na kwamba unaweza kumfikia mkuu wa chuo moja kwa moja, bila kupitia kwa mkuu wa idara unayemkagua. Kama maneno hayo hayamo, irudishe iandikwe upya kabla hujaipokea. Siku utakayofunga maabara ya profesa aliyeleta fedha nyingi za utafiti, hutakuwa na kitu kingine cha kushika.

Pawepo pia kamati ya usalama wa mionzi yenye wajumbe kutoka idara zinazotumia mionzi na mtu mmoja wa uongozi. Iite mara kwa mara na utunze kumbukumbu za vikao, kwa sababu wakaguzi wa mamlaka ya nchi inayodhibiti mionzi wataziomba.

Hatua ya 2: Hesabu kwa macho yako mwenyewe

Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga. Chanzo cha mionzi kisicho na daftari hakiishi. Kinahama, na kinaenda kudhuru mtu mahali pengine.

Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Delhi, India, kiliuza vyombo chakavu kwa mnada mwezi wa Februari. Miongoni mwake ilikuwemo mashine ya kumulika sampuli kwa mionzi ya gama, mali ya idara ya kemia, ambayo haikuwa imetumika tangu 1985. Ndani yake mlikuwa na kobalti-60. Ilifika kwa wauza vyuma chakavu wa eneo la Mayapuri, ikavunjwavunjwa, watu kadhaa wakaugua na mmoja akafariki. Sasa piga hesabu. Kobalti-60 hupungua nusu kila baada ya miaka 5.27. Katika miaka 25 hivi ya kukaa bure, nguvu yake ilikuwa imeshuka hadi takriban sehemu moja kati ya 27 ya ile ya mwaka 1985. Sehemu hiyo moja ilitosha kuua. Mashine ilikuwa imekaa robo karne bila mtumiaji, na siku ya kusafisha ghala ilipofika, ikahesabiwa kama chuma.

Kwa hiyo usitume fomu kwa wakuu wa idara ukasubiri wakujazie. Chukua kifaa chako, chukua mtu mmoja wa idara anayejua pembe zote za jengo, pita chumba kwa chumba. Fungua droo na majokofu, na ghala la chini usiliache. Rejesta ya zamani iwe mkononi, lakini usiifuate kama ramani, fuata majengo.

Ziko sehemu ambazo vyanzo hupenda kusahaulika. Idara ya kemia huwa na chupa za chumvi za urani na thoriamu zilizonunuliwa enzi ambazo hazikuhesabiwa kuwa kitu. Chumba cha hadubini ya elektroni karibu kila mara kina asetati ya uranili ya kutia sampuli rangi. Watu wa udongo na wa uhandisi wa barabara hutumia vipimo vya unyevu na mgandamizo vyenye seziamu-137 pamoja na amerisiamu iliyochanganywa na beriliamu, na huvibeba nje kwenye gari. Mashine za kromatografia ya gesi zinaweza kuwa na kigunduzi chenye nikeli-63. Makabati ya fizikia yana saa na dira za zamani zilizopakwa radiamu ili zing'ae gizani. Na hili huwapita wengi: mashine kubwa ya kuhesabia mionzi kwa kimiminika, ile ambayo kila mtu anaiona ni kifaa cha kupimia tu, mara nyingi ina chanzo kidogo ndani yake cha kujisahihishia. Ikitupwa nzima, kimetupwa nacho.

Kila unachokikuta kiandikie jina la isotopu, yaani aina ya atomu inayotoa mionzi, kiasi na tarehe ya kiasi hicho, namba iliyochongwa juu yake, chumba, na jina la mtu mmoja anayewajibika. Mtu, si idara. Kipige na picha. Lebo za zamani huandikwa kwa kiuri, kipimo cha zamani cha nguvu ya chanzo, na siku hizi hutumika bekereli: kiuri 1 ni gigabekereli 37, na milikiuri 1 ni megabekereli 37. Kuwa makini sana na herufi ya mili na ile ya mikro kwenye lebo iliyofifia, maana ukikosea hapo umekosea mara elfu.

Vyanzo vilivyofungwa ndani ya chuma vipimwe kama vinavuja. Baadhi ya nchi hutaka hivyo kila baada ya miezi 6. Unapangusa kwa pamba au karatasi laini, na kwa chanzo chenye nguvu unapangusa sehemu ya karibu inayofikika, usikiguse chenyewe, kisha unapima ile karatasi. Ukipata kama bekereli 200 au zaidi, kiondoe kazini, kifungie, na utoe taarifa.

Hatua ya 3: Ijue tabia ya kila unachokilinda

Hapa ndipo maafisa wapya hukosea, kwa kutumia kanuni moja kwa kila kitu. Kupunguza muda, kuongeza umbali na kuweka kizuizi ni kanuni njema, na ukisogea mbali mara mbili na chanzo kidogo, dozi, yaani kiasi cha mionzi ambacho mwili unapokea, hushuka hadi robo. Lakini kila isotopu ina tabia yake.

Chukua fosforasi-32, inayotumika sana katika baiolojia ya molekuli. Nusu-uhai wake, yaani muda ambao nguvu yake hupungua nusu, ni siku 14.3. Hutoa chembe za beta zenye nguvu ya kufika mita kadhaa hewani. Mtu anayefikiria mionzi kwa jumla ataikimbilia kwa risasi, ile metali nzito, naye atakuwa amekosea: beta kali zikigonga metali nzito huzaa eksirei. Kizuizi chake ni akriliki, yaani plastiki ngumu angavu, yenye unene wa sentimita 1. Kama kiasi ni kikubwa, risasi inawekwa nje ya akriliki, si ndani.

Tazama sasa mkono wa mwanafunzi anayeivuta kwa pipeti. Chupa za kawaida huja na megabekereli 370 kwa mililita, maana yake mikrolita moja tu, ambayo ni kama sehemu ya hamsini ya tone, ina kilobekereli 370. Ikitua kwenye sentimita moja ya mraba ya ngozi, kila kilobekereli hutoa karibu milisiveti 2 (milisiveti ni kipimo cha dozi) kwa saa mahali pale, na jumla inakuwa zaidi ya milisiveti 700 kwa saa. Kikomo cha ngozi kwa mwaka mzima ni milisiveti 500. Kijidoa ambacho hata hakionekani kinaweza kumaliza kikomo cha mwaka kabla hajamaliza jaribio. Ndiyo maana nasisitiza glavu jozi mbili, ya juu ibadilishwe mara kwa mara, na kaunta ya Geiger, kile kifaa cha kugundua mionzi, iwe inawaka pale benchini muda wote wa kazi, sio iletwe mwishoni.

Tritiamu ni kinyume kabisa. Beta yake ni dhaifu kiasi kwamba haivuki tabaka la nje la ngozi, na kaunta ya Geiger haiisikii hata kidogo. Benchi linaweza kuwa limejaa tritiamu na kaunta ikakaa kimya, na mwenye maabara akakwambia kwa moyo safi kwamba pamepimwa. Njia ni kupangusa kwa karatasi na kuihesabu kwenye mashine ya kimiminika. Ukikuta rekodi za maabara ya tritiamu zimejazwa kwa vipimo vya Geiger, rekodi hizo zote hazina maana.

Iodini-125 huweza kuruka hewani na hukimbilia tezi ya shingo, basi anayeitumia kuunganisha na protini afanyie ndani ya kabati la kuvuta hewa na apimwe shingo siku moja hadi tatu baadaye.

Kisha kuna mashine za eksirei za kuchunguza fuwele. Hazina isotopu, zikizimwa zimezimika, na kwa hiyo watu huzidharau. Mwali wake ni mwembamba kama sindano, na kidole kikipita ndani yake kinaweza kuungua kwa sekunde chache bila maumivu yoyote wakati ule. Jeraha hujitokeza baadaye. Ajali za mashine hizi hutokea zaidi wakati wa kurekebisha, pale mtu mzoefu anapoizuia swichi ya usalama ya mlango isifanye kazi ili aone vizuri. Ukikuta swichi imezibwa kwa utepe au imekazwa kwa kipande cha waya, zima mashine hapohapo, ondoka na ufunguo, mazungumzo yafuate.

Hatua ya 4: Ruhusa itangulie chupa

Hakuna mtafiti anayeagiza isotopu bila kupitia kwako. Panga na ofisi ya manunuzi kwamba oda yoyote ya namna hiyo bila sahihi yako irudi. Kwenye maombi ya ruhusa, swali la kwanza liwe: ni lazima itumike mionzi? Siku hizi rangi zinazong'aa na kemikali zinazotoa mwanga zimechukua nafasi ya fosforasi-32 katika majaribio mengi, na mashine za eksirei zinaweza kufanya kazi nyingi zilizokuwa zikifanywa na mashine za kumulika sampuli kwa seziamu. Chanzo ambacho hakikununuliwa hakihitaji kulindwa.

Hatua ya 5: Beji

Viwango vya kimataifa kwa mfanyakazi ni milisiveti 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka 5, bila kuzidi 50 katika mwaka wowote mmoja. Kwa mtu wa kawaida ni milisiveti 1. Mwanafunzi wa miaka 16 hadi 18 anayejifunza kazi hii kikomo chake ni 6. Ili upate picha, mionzi ya asili humpa mtu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka duniani kote. Sheria ya nchi yako inaweza kuwa na tarakimu tofauti kidogo, fuata hiyo. Lakini usiendeshe maabara kwa kukaribia kikomo. Jiwekee kiwango cha chini zaidi, ambacho mtu akikifikia unakwenda kukaa naye muone kimetoka wapi.

Beji, kile kifaa kidogo kinachorekodi dozi ya anayekivaa, huvaliwa kifuani, na anayeshika fosforasi-32 huongezewa pete ndani ya glavu, uso wake ukielekea kiganjani. Beji moja ya kulinganishia ibaki mbali na mionzi yote. Beji ya mtu ikirudi kutoka kusomwa na namba ya kushangaza, kabla ya kumtisha mtu uliza kwanza beji ililala wapi. Koti lililotundikwa karibu na ghala la vyanzo hukusanya dozi ambayo hakuna mwili ulioipata. Kila mtu apewe namba yake mwenyewe, hata ikiwa ni sifuri. Ni haki yake.

Kwa mwenye mimba, tangaza mapema na kwa faragha kwamba anaweza kukuambia, na kwamba atabadilishiwa kazi bila kupoteza nafasi yake. Kwa viwango vya kimataifa, mtoto aliye tumboni hulindwa kama mtu wa kawaida: milisiveti 1 kwa kipindi kilichobaki tangu mama alipotoa taarifa. Mama akiogopa kusema, mtoto hana mlinzi.

Hatua ya 6: Fundisha, kisha tembea

Mafunzo ya darasani yanatakiwa na sheria, yafanye. Lakini yanayobaki kichwani ni yale ya benchini. Mpe mwanafunzi maji yenye rangi ya chakula, mwache arudie jaribio zima nayo, halafu muonyeshe rangi ilikofika: kishikio cha jokofu, kalamu, ukingo wa daftari. Hatasahau.

Ukaguzi ufanye kwa miguu, na siku nyingine bila taarifa. Ingia, salimia, uliza kazi inaendeleaje, ndipo upime. Kitambuzi kipite sentimita moja juu ya meza, polepole. Anayekipunga haraka anapima hewa. Anza na vitu vinavyoguswa bila kufikiri, yaani simu, swichi ya taa, kiti. Hakikisha kifaa chenyewe kimesahihishwa ndani ya mwaka na betri inafanya kazi, na kijaribu kwa chanzo kidogo cha kupimia kila unapokiwasha.

Hatua ya 7: Siku kitakapomwagika

Kitamwagika. Kinachoamua ukubwa wa tatizo ni dakika zinazopita kabla hujaitwa, na dakika hizo zinategemea ulivyomtendea aliyemwaga mara iliyopita. Mwanafunzi aliyefokewa mbele ya wenzake atapangusa kimyakimya na taulo ya karatasi, atoke na viatu vyake, na utakuja kukuta alama za nyayo kwenye ngazi za jengo jingine. Anayeripoti mshukuru, wenzake wasikie.

Wafundishe mpangilio huu mpaka waujue usingizini. Waambie waliomo chumbani. Mtu aliyekuwa karibu asizurure, asimame mlangoni apimwe viatu, mikono na nguo. Funika kilichomwagika kwa karatasi ya kunyonya, weka alama kuzunguka, piga simu. Ngozi iliyochafuka ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, bila brashi ngumu, kwa sababu mchubuko ni mlango wa kuingilia mwilini. Kusafisha sakafu huanzia ukingoni kuelekea katikati, karatasi mpya kila mpanguso, kisha pima, kisha rudia. Jeraha kubwa au mshtuko wa moyo hutangulia uchafuzi wowote: mtu anatibiwa kwanza, mionzi itasubiri.

Hatua ya 8: Kufuli na taka

Kifurushi kikifika kipimwe na kipanguswe ndani ya saa chache, kisilale mapokezi. Lebo nyeupe ya daraja la I ina maana kwamba juu ya sanduku kiwango hakizidi milisiveti 0.005 kwa saa. Ya njano ya II hufika 0.5, ya njano ya III hufika 2.

Isotopu zikae chini ya kufuli muda wote ambao hakuna mtu anayezisimamia. Mwaka 1995 nchini Marekani, katika taasisi mbili tofauti za utafiti, fosforasi-32 ilikutwa mwilini mwa watafiti baada ya kuingia kwa kula au kunywa. Kwa sababu hiyo jokofu la isotopu halikai koridoni, na chakula hakiingii katika jokofu hilo hata kama limeandikwa jina la mwenye chakula.

Taka zitenganishwe kwa nusu-uhai palepale zinapozaliwa, wala zisichanganywe. Zenye maisha mafupi zifungiwe mpaka zipite nusu-uhai 10, ambapo hubaki sehemu moja kati ya 1,024. Fosforasi-32 itachukua siku 143. Iodini-125 siku 600 hivi. Kisha zipimwe, na zikiwa sawa na mazingira, kila lebo ya mionzi ifutwe kabla hazijatolewa na taka za kawaida. Mfuko wa kaboni-14 ukitumbukizwa humo umeharibu pipa zima: nusu-uhai wake ni kama miaka 5,730.

Hatua ya 9: Mtafiti anapoondoka

Panga na ofisi ya utumishi kwamba hakuna anayemaliza taratibu za kuondoka, iwe kwa kustaafu, kuhama au kumaliza shahada, bila sahihi yako. Akifariki, nenda maabara yake wiki hiyohiyo, kwa heshima, lakini nenda. Linganisha rejesta na kilichopo mezani. Chanzo ambacho hakina mrithi mwenye ruhusa kirudishwe kwa mtengenezaji au kipelekwe kwenye hifadhi iliyoidhinishwa. "Kiache, huenda kikahitajika" ni neno la kukataa kwa upole kila mara.

Chumba kikiwa kitupu, pima, pangusa sakafu, mifereji ya sinki, ndani ya droo na nyuma ya jokofu, andika matokeo, saini. Halafu bandua alama ya mionzi mlangoni na kwenye kila kifaa ulichokithibitisha ni safi. Alama ikibaki kwenye chumba kisicho na kitu, wafagizi wataizoea, na siku watakayoikuta kwenye chumba chenye kitu wataipita vilevile.